Nyara Ina Mlinzi, Makazi Hayana

Anayefuatilia kesi za uhifadhi katika mahakama za Tanzania huzoea haraka maneno ya hati ya mashtaka: mshtakiwa alipatikana na nyara za serikali kinyume cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Nyara yenyewe inaweza kuwa meno ya tembo, magamba ya kakakuona au nyama ya pofu iliyokaushwa. Ofisa wa wanyamapori hukadiria thamani yake kwa shilingi, hati ya tathmini huingizwa kama kielelezo, na hatia ikithibitika adhabu huwa nzito, mara nyingi miaka 20 jela. Ni sheria kali, na kuna mahali imefanya kazi iliyokusudiwa. Hata hivyo, imejengwa juu ya dhana kwamba adui wa kiumbe adimu ni mtu mwenye bunduki, mkuki au tanzi, na dhana hiyo haielezi jinsi viumbe wengi walio karibu zaidi na kutoweka katika nchi hii wanavyotoweka.

Si haki kuikosoa sheria hiyo bila kutaja ilipofaulu. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta takriban 43,000. Zaidi ya nusu walikuwa wameangamia ndani ya miaka mitano, wakiwemo maelfu katika pori la Selous. Kilichogeuza mambo kilikuwa upelelezi uliowafikia wanunuzi na wafadhili badala ya kuishia kwa wapagazi wa porini, na hukumu zilizothibitisha kwamba hata mfanyabiashara mwenye jina mjini anaweza kufungwa. Katika miaka iliyofuata idadi ya tembo ilianza kupanda tena. Tembo ana bahati mbaya ya kubeba kitu kinachouzwa, na ana bahati njema kwamba kitu hicho, kikibebwa, hukamatika.

Sasa tumtazame kiumbe asiyebeba kitu. Mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini ulikuwa umekwisha kuanza, watafiti waliokuwa wakikagua korongo la mto huo, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, walimkuta chura wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita tatu, anayezaa watoto kamili badala ya kutaga mayai. Mwaka 1999 alielezwa rasmi kisayansi kwa jina la Nectophrynoides asperginis. Dunia yake nzima ilikuwa vipande vichache vya majani vilivyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko, ambavyo kwa jumla vilikuwa kama hekta mbili tu. Mradi wenyewe ulikuwa wa megawati 180, ukigharamiwa na Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine, na nchi ilikuwa imechoshwa na mgawo wa umeme. Mitambo ilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yalielekezwa kwenye handaki, na manyunyu yakakatika.

Yaliyofuata yanajulikana, ingawa mara nyingi husimuliwa kama kichekesho cha chura aliyesumbua bwawa. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa kwa ndege katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili wazalishwe huko. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga manyunyu yaliyopotea, na kwa muda ilionekana kwamba mbinu hiyo imefaulu, kwa kuwa katikati ya mwaka 2003 vyura walikuwa wengi tena. Kisha, katika miezi michache, wakaporomoka, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ukatajwa miongoni mwa sababu. Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, lilitangaza kwamba chura huyo ametoweka porini. Mwaka uliofuata wazao wa wale waliopelekwa Marekani walianza kurejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakarudishwa korongoni, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa popote kwa mnyama wa jamii ya vyura aliyekwisha kutangazwa kutoweka porini.

Kwa mtaalamu wa viumbe hayo ni mafanikio ya kujivunia. Kwa mtu wa sheria linabaki swali moja: katika mfululizo wote huo, ni nani aliyetenda kosa? Hakuna. Hakuna aliyewinda, hakuna aliyekamatwa na nyara, hakuna aliyeingia hifadhini bila kibali. Kila hatua ilikuwa na mhuri. Tathmini ya mazingira iliyotangulia ujenzi haikufika kwenye eneo la manyunyu, kwa hiyo waliotoa idhini waliidhinisha kuangamizwa kwa kiumbe ambaye hawakuwa wamesikia habari zake. Katika korongo hilo hilo umepatikana pia mti wa kahawa wa porini uliotambuliwa kama aina mpya na kupewa jina la Coffea kihansiensis, nao haukuwa kwenye hesabu ya yeyote.

Mtetezi wa mfumo wetu atasema kwamba hiyo ni historia. Kihansi ilijengwa kabla ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, ambayo imefanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira kuwa sharti la miradi mikubwa na kulikabidhi Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, nguvu ya kusimamia sharti hilo. Hoja hiyo ina uzito, na ningeikubali kama si yaliyotokea katika misitu ya pwani ya kusini miaka minne baada ya sheria hiyo kupitishwa.

Erythrina schliebenii ni mti wenye maua mekundu na shina lenye miiba, wa ukoo mmoja na mibamba. Mwaka 1998 uliorodheshwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena katika kipande kidogo cha msitu kusini mwa Tanzania, na mwaka 2008 kipande hicho kikafyekwa kupisha shamba la mazao ya nishati. Wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena mwaka 2011 katika msitu mwingine Kilwa, miti mikubwa isiyofika 50. Katika misitu hiyo hiyo ya Kilwa walikuta pia miti michache ya Karomia gigas, ambao ulijulikana kwanza pwani ya Kenya mwaka 1977 na huko ukakatwa. Mbegu zake zilipelekwa katika bustani ya mimea ya Missouri nchini Marekani, na kuanzia mwaka 2018 zikatoa miche. Kwa mara ya pili, kiumbe wa Tanzania amelazimika kwenda kuhifadhiwa ng'ambo ya bahari kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mahali pa uhakika pa kumwacha.

Mti huo wenye maua mekundu ulikuwa umetoweka katika vitabu, ukapatikana, kisha ukapotezwa tena wakati sheria ya mazingira tayari ipo, NEMC ipo, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ipo. Kipande kile cha msitu kilisimama au kuanguka kutegemea hadhi ya ardhi yake tu, na jina la mti halikuwa na nafasi yoyote katika uamuzi wa nani alime wapi. Kuwemo katika Orodha Nyekundu ya IUCN, hata katika daraja la juu kabisa la hatari, hakuzai wajibu wowote wa kisheria kwa ofisa anayetia saini uhamisho wa ardhi ya kijiji kwa mwekezaji.

Mimea inayoonekana na sheria zetu ni ile yenye mbao. Mninga, mkongo na mpingo vina leseni, mrabaha, alama ya nyundo kwenye gogo na hati ya kusafirishia, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una vizuizi barabarani vya kuhakikisha kwamba mapato hayo hayavuji. Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini umeongeza ngazi nyingine: jamii yote ya mpingo iliwekwa katika Kiambatisho cha Pili, orodha ya viumbe ambao biashara yao ya nje huhitaji kibali, kuanzia mwaka 2017, na mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ukaamua kuongeza jamii za mninga na mkongo za Afrika. Ni hatua njema. Lakini tazama msingi wake: CITES hufanya kazi mpakani, bandarini na uwanja wa ndege. Mti usiouzwa nje haupiti huko. Ua la Usambara, Saintpaulia, ambalo mbegu zake zilichukuliwa na afisa wa Kijerumani mwaka 1892 na kizazi chake sasa kimejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, halitishiwi na wachumaji. Huishi kwenye majabali yenye kivuli cha msitu, na kivuli kikiondolewa hukauka, hata kama hakuna mkono uliolishika.

Kuna mimea inayochimbwa na kuuzwa pia, na hapo sheria ya biashara ina maana. Viazi vya okidi za nyanda za juu kusini vimekuwa vikisafirishwa kwa magunia kwenda Zambia kutengenezea chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake, ilizaliwa kwa sehemu kutokana na hofu hiyo. Okidi zote zimo katika viambatisho vya CITES. Uchimbaji haujaisha, bali umesogea kwenye maeneo yasiyo hifadhi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye njia ambayo kwa kweli imeokoa viumbe wengi wa nchi hii wasio na pembe wala mbao, yaani kulinda mahali badala ya kulinda jina. Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge, ina zaidi ya aina 90 za wanyama wenye uti wa mgongo na mamia ya mimea visivyopatikana kwingine popote. Wengi wana eneo dogo kiasi kwamba mlima mmoja, au bonde moja, ndiyo nchi yao yote. Tanzania ilianza kuvipandisha vipande vya misitu hii kuwa hifadhi za mazingira asilia, ambamo ukataji wa mbao hauruhusiwi, kwa kuanzia na Amani mwaka 1997. Orodha imerefuka tangu wakati huo. Msitu wa Magombera, uliobanwa na mashamba ya miwa katika bonde la Kilombero na wenye mbega wekundu wa Udzungwa pamoja na kinyonga aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 2009, ulipendekezwa kulindwa kwa miongo kadhaa hadi ulipotangazwa mwaka 2019. Kwa maoni yangu, hadhi hii ya hifadhi ya mazingira asilia ndiyo kazi bora zaidi iliyofanywa na sheria ya Tanzania kwa viumbe adimu, na inastahili sifa kuliko inazopata, labda kwa sababu chura na kinyonga hawaleti watalii kama simba.

Lakini kulinda mahali kuna gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawa. Ushoroba wa Derema, unaounganisha misitu ya Amani na misitu iliyo kaskazini yake katika Usambara Mashariki, ulikuwa umejaa iliki iliyopandwa chini ya miti mikubwa. Kuutangaza kuwa hifadhi kuliwagusa wakulima zaidi ya elfu moja. Mimea yao ilihesabiwa, fidia ikachelewa kwa miaka, na hata ilipolipwa, shamba mbadala halikuwa rahisi kupatikana karibu. Anayezungumzia uhifadhi bila kumtaja mkulima wa iliki anazungumza nusu ya habari. Tena kuna jambo linalochukiza hapa kimantiki: mkulima aliyekuwa ameacha miti mikubwa isimame juu ya iliki yake alipoteza shamba ili msitu uungane, ilhali mwekezaji aliyefyeka msitu wa pwani wote hakupoteza chochote kwa ajili ya mti alioufuta.

Najua pingamizi litakalotolewa. Nchi yenye mimea ya aina zaidi ya elfu kumi haiwezi kusimamisha barabara, bwawa au shamba kila mtaalamu anapookota jani asilolijua; watu wanahitaji umeme na chakula, na Kihansi imewasha taa katika nyumba nyingi kuliko watu waliowahi kusikia habari za chura wake. Pingamizi hilo ni la kweli kwa mimea elfu tisa na mia kadhaa. Halina nguvu kwa aina chache ambazo mradi mmoja unaweza kuzimaliza zote kwa mara moja, kwa sababu kwa hizo hakuna kinachobaki cha kusawazisha na faida ya mradi. Wala sidai mradi wa namna hiyo usijengwe kabisa. Ninachodai ni kwamba uamuzi wa kukifuta kiumbe duniani usifanywe kwa kutokujua, na usifanywe na ofisa wa ardhi wa wilaya kwa sababu tu hapakuwa na aliyemwambia.

Wenzetu wa Kenya wamejaribu. Sheria yao ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ina jedwali la aina zilizo hatarini ambamo mimea imo pamoja na wanyama, na inataka iandaliwe mipango ya kuzinusuru. Katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Sheria hiyo ilipopitishwa, adhabu kwa makosa dhidi ya aina zilizo hatarini ilianzia faini ya shilingi za Kenya milioni 20 au kifungo cha maisha, kiwango ambacho naona kilikuwa kelele zaidi kuliko sheria, kwa kuwa hakimu anayekabiliana na mwanakijiji mwenye njaa hutafuta njia ya kukikwepa. Na licha ya yote hayo, reli ya kisasa ilivuka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi juu ya nguzo huku kesi za kuipinga zikiendelea. Kwa hiyo jedwali peke yake halitoshi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba mpango wa Tanzania wa kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti ulikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kesi ilikuwa imefunguliwa na shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi. Umuhimu wa hukumu hiyo ni kwamba ilikitazama kitendo kabla hakijafanyika, na aliyesimama kizimbani alikuwa dola lenyewe badala ya jangili. Ndivyo sheria ya viumbe adimu inavyopaswa kufanya kazi. Tatizo ni kwamba Serengeti ina wanasheria na mashabiki dunia nzima, ilhali kipande cha msitu wa Kilwa kina mwenyekiti wa kijiji na ng'ombe wawili watatu waliopotea humo.

Nini kifanyike? Kwa bahati nzuri, sehemu kubwa haihitaji sheria mpya. Sheria ya mwaka 2004 inampa waziri mwenye dhamana ya mazingira mamlaka ya kutangaza maeneo nyeti kimazingira, na haimlazimu kusubiri eneo liwe na tembo. Aina ambazo zinajulikana kutoka sehemu moja au mbili tu si nyingi kupita uwezo wa kuziorodhesha. Hifadhi ya vielelezo vya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kumbukumbu za wapi kila kimoja kilichumwa. Orodha hiyo ipigwe ramani na iwekwe mezani kwa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, ili ardhi ya kijiji isihamishwe kuwa ardhi ya jumla, yaani inayosimamiwa na serikali badala ya kijiji, kwa ajili ya mwekezaji kabla alama hizo hazijakaguliwa shambani. Ukaguzi wenyewe ufanywe kwa misimu miwili, masika na kiangazi, kwa sababu mmea usiotoa maua wiki ya ukaguzi huandikwa kwamba haupo, na mtaalamu alipwe kupitia mfuko wa umma unaochangiwa na mwenye mradi badala ya kulipwa naye moja kwa moja.

Vijiji navyo vipewe sababu ya kuvitunza vipande hivyo. Kilwa kuna vijiji ambavyo tangu mwaka 2009 vimeuza mpingo kutoka misitu yao ya hifadhi kwa cheti cha kimataifa na kubakiza mapato kijijini, na huko msitu una watu wa kuulinda kwa sababu ni wao. Mti usio na mbao hauwezi kulipa kwa njia hiyo, kwa hiyo malipo yatoke kwingine: tozo za matumizi ya maji katika mabonde ya mito zipo, na watumiaji wakubwa wa maji ya Uluguru na Udzungwa, kuanzia mamlaka za maji za mijini hadi wazalishaji wa umeme, tayari wanalipa kwa ajili ya mita za ujazo wanazochota. Sehemu ya tozo hizo ikielekezwa kwa vijiji vinavyopakana na misitu ya vyanzo, na nyingine kwa vijiji vya pwani vyenye aina zilizomo katika orodha, fedha yake itakuwa ndogo ukilinganisha na kuendesha mabomba ya kunyunyizia korongo mwaka baada ya mwaka na kuwafuga vyura ng'ambo kwa muongo mzima.